SAT imekwama kwenye 1180 na nataka kurudia Oktoba: nianzie wapi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Igoma, Mwanza:

"Shikamoo mwalimu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ninaomba vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili. Mwezi wa tatu nilifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo hivyo, nikapata 1180: hisabati 640, kusoma na kuandika 540. Tangu hapo nimefanya majaribio matatu kwenye Bluebook, programu ya kufanyia mtihani huo, nikapata 1190, 1170 na 1200. Kwenye hisabati, maswali mengi niliyokosa moduli ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza, nilikuwa nayajua kabisa. Kwenye kusoma muda unaniishia, manne au matano ya mwisho nabonyeza tu. Nafundisha tuisheni ya kidato cha pili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na laptopu ni ya kaka yangu, naipata usiku. Nataka nifike 1400. Niendelee na majaribio zaidi? Kuna kozi ya mtandaoni ya laki nne, ninunue? Na nimepewa orodha ya maneno elfu moja ya Kiingereza, niikariri?"

Marahaba, binti yangu. Majibu mafupi kwanza, maana najua ndiyo unayoyasubiri. Majaribio yasimamishe kwa sasa. Kozi usinunue. Orodha ya maneno iweke kando. Maelezo yake ni marefu kidogo, kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa.

Tuanze na namba zako. 1190, 1170 na 1200 ni alama moja. Mtu yeyote anaweza kupanda au kushuka alama thelathini au arobaini kati ya jaribio na jaribio bila kujifunza wala kusahau kitu. Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu hujasogea, na sababu ninaiona kwenye maelezo yako mwenyewe: umekuwa ukijipima tu. Jaribio linakuonyesha ulipo, ila halikufundishi kitu mpaka ukae nalo baada ya kulimaliza, swali kwa swali, kwa muda mrefu kuliko uliotumia kulifanya. Isitoshe, majaribio rasmi ndani ya Bluebook ni machache. Matatu umeshayatumia. Yaliyobaki yatunze, utayahitaji Septemba.

Sasa kuna jambo la huu mtihani ambalo wanafunzi wetu wengi wanalisikia bila kulichukulia kwa uzito. SAT ya kompyuta, iliyoanza kwa watahiniwa wa nje ya Marekani mwezi Machi 2023, ina moduli mbili kwa kila upande. Kusoma na kuandika ni maswali 27 kwa dakika 32, mara mbili. Hisabati ni maswali 22 kwa dakika 35, mara mbili. Ukimaliza moduli ya kwanza, kompyuta inaangalia ulivyofanya na kukuchagulia moduli ya pili: ngumu kama ulifanya vizuri, nyepesi kama hukufanya vizuri. Ukipelekwa kwenye nyepesi, hata ukipata yote humo, kuna kiwango ambacho alama yako haitakivuka. Ukishatoka moduli ya kwanza huwezi kuirudia.

Ndiyo maana ile sentensi yako, kwamba maswali uliyokosa moduli ya kwanza ulikuwa unayajua, ndiyo sentensi muhimu kuliko zote ulizoniandikia. Alama unazozitafuta hazipo kwenye maswali magumu ambayo hujawahi kuyaona. Nyingi zipo kwenye maswali ambayo tayari unayaweza na unayapoteza kwa haraka, kwa mazoea ya mitihani yetu, na kwa kanuni chache za Kiingereza ambazo hakuna aliyewahi kukukalisha chini akakufundisha moja baada ya nyingine. Mpango wote ninaokupa unakwenda huko.

Nichukue hisabati, maana ndiko kwa haraka. Swali la namna hii linatokea kila mara mwanzoni mwa moduli: ikiwa 5x − 7 = 18, thamani ya 2x + 1 ni ngapi? Mwanafunzi wa PCM anapata x = 5 kwa kichwa. Kwenye machaguo anaiona 5 imekaa pale pale, anaibonyeza, anasonga mbele akiwa na furaha. Jibu ni 11. Huyo hakushindwa aljebra. Alishindwa kusoma swali linaulizwa nini, na waliotunga walijua atafika kwenye 5, ndiyo maana wakaiweka. Katika mitihani ya hapa nyumbani, ukionyesha njia vizuri mpaka x = 5 mwalimu anakupa alama za njia. SAT haina alama za njia. Haioni karatasi yako ya kukokotolea. Inaona ulichobonyeza, basi.

Dawa yake ni ndogo na inachosha, nami nakuomba uifanye bila kuruka hata swali moja kwa wiki tatu: kabla ya kuanza kukokotoa, andika kwenye karatasi kile kinachotafutwa. "2x + 1 = ?" Kama ni eneo, andika eneo. Kama ni asilimia ya ongezeko na siyo kiasi kipya, andika hivyo. Ukipata jibu, linganisha na ulichoandika ndipo ubonyeze. Inakula sekunde tatu hivi, na una wastani wa sekunde 95 kwa kila swali la hisabati, tena maswali ya mwanzo ni mepesi kuliko ya mwisho. Muda upo.

Jambo la pili la hisabati ni kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya Bluebook. Wewe na mimi tumekulia kwenye mfumo uliotufundisha kufungua majedwali ya hesabu na kupiga kila kitu kwa mkono, na huo ni msingi mzuri sana, sitaki uudharau. Lakini ndani ya SAT unaruhusiwa kuchora mchoro wowote kwa sekunde kumi, na asiyejizoesha anaiacha silaha mezani. Chukua swali hili: mchoro wa y = x² − 6x + 14 na mstari y = 2x + c vinakutana sehemu moja tu; c ni ngapi? Kwa mkono unalinganisha, unapata x² − 8x + 14 − c = 0, unaweka sharti la mzizi mmoja, 64 − 4(14 − c) = 0, unapata c = −2. Kwa Desmos unaandika milinganyo miwili kama ilivyo, unakubali kitelezi cha c (kitufe cha kubadilishia thamani yake), unakisogeza mpaka mstari uguse mchoro sehemu moja tu. Unaona −2.

Ningetumia ipi? Kwa swali hili, wewe mwenye PCM, mkono unatosha na hauhitaji kukodoa macho kuona kama mstari umegusa au umekata kidogo. Lakini kwa milinganyo miwili yenye desimali, kwa kutafuta mahali mchoro unapokata mhimili, kwa jedwali la namba linalotaka mlinganyo wa mstari unaolifaa, Desmos inashinda na haikosei kubeba alama ya kutoa. Kila swali la mazoezi lifanye kwa njia zote mbili kwa muda, mpaka mkono wenyewe ujue lipi ni la nani. Desmos inapatikana bure kwenye mtandao, na mazoezi yake unaweza kuyafanya kwenye simu yako mchana wakati laptopu ya kaka haipo.

Dogo lingine lenye kugharimu: karibu robo ya maswali ya hisabati hayana machaguo, unaandika jibu mwenyewe. Tatu na nusu usiiandike kama namba mchanganyiko, andika 3.5 au 7/2. Na popote pale, upande wowote, usiache swali wazi. Jibu la kubahatisha likiwa si sahihi halikukati kitu.

Sasa kusoma na kuandika, kwenye 540, ambako kuna kazi zaidi na pia kuna nafasi kubwa zaidi.

Unasema manne au matano ya mwisho unabonyeza bila kusoma. Je, unajua hayo ya mwisho ni maswali gani? Maswali ya upande huu yamepangwa kwa aina, na mpangilio haubadiliki. Yanaanza ya maana ya neno ndani ya kifungu na ya muundo wa kifungu, yanafuata ya kuelewa, ushahidi, majedwali na hitimisho, kisha sarufi na alama za uandishi, na mwisho kabisa yanakuja ya viunganishi vya mawazo na yale ya maelezo mafupi ya mwanafunzi, ambapo unapewa vidokezo vichache na kuulizwa sentensi ipi inatimiza lengo fulani. Haya ya mwisho ni miongoni mwa mepesi kuliko yote kwenye moduli! Lile la vidokezo, mara nyingi ukisoma lengo lililotajwa kwenye swali, tuseme kuonyesha tofauti kati ya vitu viwili, unatafuta chaguo linaloonyesha tofauti na kazi imekwisha, hata vidokezo vyenyewe hujavisoma vyote. Wewe unayaacha hayo kwa sababu umekwama katikati, kwenye hitimisho la utafiti fulani, ukilisoma mara ya tatu.

Badilisha mwendo. Una takriban sekunde 71 kwa swali. Swali la katikati likikushika zaidi ya dakika moja na nusu, chagua unaloliona lina nafuu, liwekee alama ya kurudia, ambayo Bluebook inakupa, uondoke. Wapo ninaowashauri waanze na sarufi, waende mpaka mwisho wa moduli, ndipo warudi mwanzo. Kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, ningeanza hivyo. Jaribu kwenye mazoezi ya muda mfupi kwanza uone kama kichwa chako kinakubali.

Kuhusu sarufi yenyewe, huku ndiko ninakotaka uwekeze mwezi mzima wa kwanza. Inachukua takriban robo ya maswali ya upande huu, kanuni zake zinahesabika, na hazihitaji uwe umesoma shule ya kimataifa. Kinachotuangusha sisi ni mkato. Kiswahili chetu kinaruhusu kuunga matendo kwa mkato na kuendelea: alifika Mwaloni, akanunua dagaa, akapanda bajaji, akarudi nyumbani. Ile "ka" inabeba kazi yote ya kuunganisha. Kiingereza cha mtihani huu hakikubali. Tazama: "The dagaa are dried on the beach, the traders arrive before dawn." Kwa sikio letu iko sawa kabisa. Kwa SAT ni kosa, kwa sababu kuna vishazi huru viwili, kila kimoja na kiima chake na kitenzi chake, na mkato peke yake hauna nguvu ya kuviunga. Panahitajika nukta, au nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi kama "and". Vishazi huru na tegemezi ulivisoma kwenye Kiswahili cha sekondari, na ulifaulu. Chukua ujuzi uleule: kila unapoona swali la alama za uandishi, usisikilize sentensi inavyosikika, uliza kushoto ni kishazi huru? Kulia ni kishazi huru? Majibu ya maswali hayo mawili yanakupa alama sahihi mara nyingi sana.

Halafu lipo la "however", ambalo linawakamata hata wenye Kiingereza kizuri. Wanaliona kama "but" wakaliwekea mkato mbele na nyuma. Likisimama kati ya vishazi huru viwili na kuanza cha pili, kabla yake pawe na nukta au nukta mkato. Ongeza hapo nukta pacha, vistari virefu viwili vinavyofunga maelezo ya katikati, ritifaa (') ya umiliki, nafsi na wakati wa kitenzi, kirai cha mwanzo kinachopaswa kumhusu kiima kinachokifuata. Na upatanisho: kiima na kitenzi vikitenganishwa na maneno mengi, mtihani unaweka nomino ya wingi karibu na kitenzi ili ikupotoshe. Hapo sisi tuna faida, tumezaliwa kwenye lugha ya ngeli. Funika maneno ya katikati kwa kidole, uliza kinachotenda ni nini, kisha upatanishe.

Fanya kanuni moja kwa siku mbili. College Board, wenye mtihani, wana benki ya maswali mtandaoni isiyolipiwa, unayoweza kuchuja kwa aina ya swali na kwa ugumu. Khan Academy nao, wanaoshirikiana na College Board, wana masomo ya bure kwa kila kanuni niliyoitaja. Usiku ukiipata laptopu, pakua maswali ya kanuni ya kesho yake yakiwa na maelezo ya majibu, uyachape pale stesheneri ya karibu au uyahifadhi kwenye simu. Asubuhi unafanya kwa penseli. Umeme ukikatika huna hasara.

Kuhusu kuelewa kifungu, nikuonyeshe mtego mmoja kwa mfano wa hapa kwetu, maana vifungu vya sayansi vya SAT vinafanana sana na huu. Tuseme kifungu kinasema hivi: Ziwa Victoria lina spishi nyingi za samaki aina ya furu. Katika baadhi ya spishi zinazokaribiana, madume wa spishi moja ni wekundu na wa spishi nyingine ni wa buluu, na majike humchagua dume kwa rangi. Watafiti wanadai kwamba maji yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi na spishi huanza kuchanganyika. Swali: ni matokeo yapi, yakiwa kweli, yangeliunga mkono dai hilo moja kwa moja? Chaguo la kwanza linasema sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, amewala furu wengi. La pili linasema kwenye maji maangavu furu wana rangi zinazotofautiana wazi, na kwenye maji machafu wengi wana rangi hafifu zisizoeleweka ni za spishi gani. La tatu linasema spishi za furu hula vyakula tofauti. La nne linasema furu wa maji maangavu ni wakubwa zaidi.

Mtoto wa Mwanza anaona sangara na mkono unakwenda wenyewe. Ni kweli sangara amewala furu, kila mvuvi wa Ghuba ya Mwanza atakwambia. Lakini dai halihusu nani kamla nani. Linahusu uchafu wa maji na rangi, na ni chaguo la pili pekee lililoshika vyote viwili. (Utafiti wa namna hii ulifanyika kweli kusini mwa ziwa letu na kuchapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science, na ninapenda wanafunzi wangu wajue kwamba elimu inayoulizwa kwenye mitihani mikubwa ya dunia imewahi kutoka kwenye maji wanayoyaona kila siku.) Chaguo lenye ukweli wa dunia lakini lisilogusa dai ndilo linalowaondoa wengi, na huwaondoa zaidi wale wanaojua mada.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama machaguo, sema kifungu kimedai nini kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili, kimoyomoyo. "Wanasema uchafu unaficha rangi, basi samaki wanachanganyika." Ukishindwa kukisema kwa lugha yako, hujakielewa, na machaguo yatakuzungusha. Wapo watakaokwambia ufikiri kwa Kiingereza tu. Sikubaliani nao kwa hatua uliyopo. Vifungu vyenyewe ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na sentensi moja ya muhtasari haikuchelewesha ukishazoea.

Orodha ya maneno elfu moja nimekwambia uiweke kando kwa sababu mtihani wa sasa haukuulizi maana ya neno likiwa peke yake. Linaulizwa ndani ya kifungu, na mara nyingi ni neno unalolijua kwa maana moja likitumika kwa maana nyingine. Soma badala yake. Kila asubuhi nusu saa: siku moja makala ya sayansi, siku nyingine historia, siku nyingine kurasa mbili za riwaya ya Kiingereza ya karne ya kumi na tisa. Tovuti ya Project Gutenberg ina vitabu hivyo bure na havili bando kubwa. Maktaba ya mkoa pale mjini nayo ni mahali pazuri pa kukaa bila kelele za nyumbani. Neno jipya liandike pamoja na sentensi nzima ulimolikuta.

Ratiba yako sasa. Una kama wiki kumi na mbili. Asubuhi yako haina mtu, hiyo ndiyo mali yako: saa moja na nusu ya sarufi na kusoma, mapumziko, kisha saa moja ya hisabati. Mchana unafundisha, na nisingekushauri uache, kwa sababu kumweleza mtoto wa kidato cha pili milinganyo kunakufanya uisome upya kwa utulivu. Usiku kwenye laptopu fanya maswali ya kutosha moduli moja tu kutoka ile benki, kwa saa ya ukutani, au usahihishe. Jumapili pumzika.

Kusahihisha ndiko kunakobeba mpango wote huu. Yale majaribio matatu uliyofanya bado yapo kwenye akaunti yako, na Bluebook inaonyesha kila swali na maelezo yake. Wiki ya kwanza usifanye swali jipya hata moja. Fungua hayo matatu. Kwa kila ulilokosa, andika kwenye daftari ulichagua nini na ni nini kilikushawishi ukichague. Usiandike "nilikuwa na haraka", hiyo haisaidii mtu. Andika "niliona 5 nikasahau wanataka 2x + 1", "nilichagua sangara kwa sababu ni kweli". Ukifika swali la ishirini utaona makosa yako ni ya aina nne au tano zinazojirudia. Baada ya siku kumi yafanye tena maswali hayohayo bila kutazama daftari. Utakayoyakosa tena ndiyo masomo yako halisi. Mwisho wa Agosti fanya jaribio moja zima, Septemba mawili, yote asubuhi, kwa kuketi, na mapumziko ya dakika kumi kama siku yenyewe.

Je, 1400 inawezekana? Hisabati kutoka 640 kwenda 730 au 740 kwa mwenye PCM anayekosa maswali mepesi, naiona. Kusoma kutoka 540 kwenda 640 kwa wiki kumi na mbili ni kazi ngumu lakini watu wanaifanya, hasa sarufi ikishika. Hiyo ni 1370 au 1380. Ukifika hapo usijione umeshindwa. Vyuo vingi huchukua alama yako bora ya kila upande hata kama ni ya tarehe tofauti, kwa hiyo hisabati nzuri ya Oktoba haipotei ukirudia Novemba au Desemba kwa ajili ya kusoma. Na usiitazame 1400 yenyewe, tazama vyuo vyako. Kila chuo kina takwimu za alama za waliochukuliwa. MIT walirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech wakafuata. Vipo vingine vingi ambako kutuma alama ni hiari, na huko, kama alama yako iko chini ya ya wengi waliochukuliwa, acha kuituma na utegemee matokeo yako ya kidato cha sita, insha na barua za walimu. Kwa mtu anayetafuta ufadhili kamili, insha isiyoandikwa kwa utulivu kwa sababu ulikuwa unakimbiza alama thelathini za SAT ni hasara kubwa. Anza insha Agosti. Ofisi ya EducationUSA iliyopo ubalozi wa Marekani Dar es Salaam inatoa ushauri bila malipo, waandikie mapema kuhusu orodha yako ya vyuo.

Ile laki nne isiende kwenye kozi. Yote ninayoyataja hapa yanapatikana bure, na unachokosa siyo masomo ya kutazama, ni kukaa na makosa yako. Pesa utaihitaji. Ada ya SAT inalipwa kwa dola, na msamaha wa ada wa College Board haumhusu Mtanzania aliyesoma hapa. Ingia kwenye akaunti yako wiki hii utafute kituo chenye nafasi Oktoba, maana vituo ni vichache, vinajaa, na usajili unafungwa wiki kadhaa kabla. Soma masharti ya kitambulisho ya nchi utakakofanyia. Kama itabidi uvuke mpaka, pasipoti ianze kushughulikiwa sasa, siyo Septemba. Kama ni Dar, usipande basi la usiku wa kuamkia mtihani. Ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ondoka siku mbili kabla, na ukiweza shuka Dodoma umalizie kwa treni ya SGR, utafika na mgongo ukiwa mzima.

Simu haiwezi kutumika kwenye mtihani, lazima laptopu au iPad. Ihakikishe ina Bluebook mpya, betri inayokaa saa nne bila chaja, na chukua mausi ya waya kama umeizoea, inaruhusiwa. Ndani ya siku tano kabla ya mtihani utakamilisha maandalizi ndani ya programu na kupata tiketi yako. Intaneti ikikatika katikati ya mtihani usishtuke, majibu yanahifadhiwa kwenye mashine na utaendelea. Inahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma. Na kaka mwambie leo hii tarehe ya mtihani na zile siku mbili za safari, aiandike mahali, ili wiki hiyo laptopu isiwe na kazi nyingine.